Shira ya Sikukuu: Historia Iliyomo Ndani ya Sufuria Moja



Kumi la mwisho la Ramadhani likishaingia, jikoni kunakuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: futari ya leo na matayarisho ya sikukuu. Tambi zinakaangwa, unga wa visheti unakandwa, tende zinachambuliwa. Katikati ya yote hayo kuna sufuria moja ambayo haikosekani nyumba yoyote ya visiwani, nayo ni ya shira. Ikiwa nzito, huvikwa kaimati. Ikiachwa igande, ndiyo ile nyeupe juu ya visheti. Ikiwa nyepesi, hutiwa kwenye bilauri ya maziwa baridi au maji ya ndimu pale wageni wanapopiga hodi asubuhi ya Idi.

Bi harusi wa mwaka huu, ambaye hii ni Idi yake ya kwanza katika nyumba ya mumewe, bila shaka atafundishwa shira na somo yake au na mama mkwe. Ataambiwa vipimo, ataambiwa asiikoroge ovyo. Mimi leo nataka nimwongezee ambalo halisemwi sana: vitu hivi vilitoka wapi, na mikono ya nani ilivifikisha kwetu. Namna ya kupika nitaieleza, msiwe na wasiwasi, lakini historia itatangulia. Ukiijua historia yake, nadhani utaitumia sufuria hiyo kwa adabu nyingine.

Majina yenyewe yanasema

Tuanze na maneno, kwa sababu maneno hayafichi safari yake. Shira ni neno la Kiajemi, lenye maana ya maji matamu yaliyokamuliwa au kupikwa mpaka yakawa mazito, na Bara Hindi nako linatumika. Sukari tumeipokea kwa Waarabu, nao waliipokea kwa Waajemi, nao Waajemi waliipokea kutoka Kisanskriti cha Bara Hindi. Karafuu ni qaranful ya Kiarabu. Mdalasini ni darsini ya Kiarabu, kutoka darchini ya Kiajemi, yaani mti wa China, kwa vile wafanyabiashara wa zamani waliamini unatoka huko. Sharubati inatoka kwenye kunywa, shariba. Kutokana na mzizi huohuo Waarabu walikuwa na neno sharab, na watu wa Ulaya walilichukua kuita maji mazito ya sukari yaliyokuwa yakiuzwa na waganga kama dawa.

Ndiyo, dawa. Katika miji mikubwa ya Kiislamu ya zamani, sukari ilikuwa kitu cha duka la mwuza dawa kabla haijawa kitu cha kila jikoni. Iliyeyushwa kwa maji, ikatiwa mawaridi au matunda, akapewa mgonjwa wa homa au wa tumbo. Julabu, ambayo ni shira ya mawaridi, jina lake ni la Kiajemi: gul ni ua la waridi na ab ni maji. Kwa hivyo ukitia marashi mawaridi ya kula kwenye shira yako ya Idi, unafanya jambo ambalo waganga wa Baghdad walikuwa wakilifanya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Tende na asali kabla ya sukari

Sunna ya asubuhi ya Idi ya mfungo mosi haihitaji sukari hata kijiko. Anas (R.A.) amepokea kwamba Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) hakuwa akitoka kwenda kuswali Idi ya Fitri mpaka ale tende, na alikuwa akizila kwa idadi ya witiri. Bibi Aisha (R.A.) naye amepokea kwamba Mtume alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Utamu wa siku ile basi ni jambo lenye asili katika dini yetu, na kilichobadilika kwa karne nyingi ni kile tunachopatia utamu huo.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki utamu wa zamani ulikuwa asali ya nyuki, tende zilizokuja na majahazi kutoka Ghuba, tui la nazi, ndizi mbivu na miwa ya kutafuna. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 na kufika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, alieleza kwa kirefu chakula alichokaribishwa Mogadishu: wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Ni chakula ambacho mtu wa Unguja angekitambua leo. Shira hakuitaja hapo. Alipofika Bara Hindi, ndipo alipoeleza karamu ambazo mgeni alianza kwa kupewa maji ya sukari kabla ya chakula.

Kaimati nayo ina nasaba yake. Katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na al-Baghdadi mna vidonge vya unga vilivyokaangwa na kutiwa shira, vikiitwa tonge za kadhi, luqmat al-qadhi. Huko Ghuba vikaitwa luqaimat, yaani vitonge vidogo, na kwetu ndiyo kaimati. Mapishi yamesafiri na jahazi, kama zilivyosafiri tende na mikeka.

Majahazi hayo yaliendeshwa na pepo mbili tunazozijua wote. Kaskazi iliyaleta kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Hiliki ilitoka milima ya kusini mwa Bara Hindi. Mdalasini mzuri ulitoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Zafarani ilitoka Uajemi na Kashmir, na kuipata gramu 1 yakavu hutakiwa maua kiasi cha 150, ambayo nyuzi zake huchunwa kwa vidole. Marashi mawaridi yalitoka Uajemi na Oman, ambako mpaka leo watu wa Jabal Akhdar hukeneka mawaridi kwa harufu yake kila msimu wa maua. Sukari ya kisasa nyeupe haikuwemo katika shehena za kila siku. Iliyofika ilikuwa sukari guru na vipande vya bei kubwa, kitu cha harusi na cha wakubwa.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo ndiyo sababu ya makala haya.

Kilwa, mwaka 1776

Mashariki ya Madagaska kuna visiwa viwili ambavyo Wafaransa walivishika katika karne ya 18. Kimoja walikiita Île de France, nacho ndicho Morisi ya leo. Cha pili walikiita Bourbon, na leo ni Réunion. Visiwa vile vilitaka watu wa kulima, na mfanyabiashara mmoja Mfaransa, Jean-Vincent Morice, aliwatafuta kwetu. Mwaka 1776 alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piastri 20 kila kichwa.

Soma tena hiyo idadi. Watu 1,000 kwa mwaka, kutoka bandari moja, kwa mnunuzi mmoja. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo waliotekwa bara na kushushwa pwani. Miongoni mwao walikuwemo wasichana wa umri wa bi harusi ninayemwandikia leo.

Visiwa vile mwanzoni vililima kahawa na viungo. Karne ya 19 ilipoingia, mashamba yakageuzwa kuwa ya miwa, na biashara ya sukari ikanoga. Miwa ni zao la kikatili kwa mkulima wake. Ikishakatwa haingoji, lazima ikamuliwe upesi kabla utamu haujaharibika, kwa hiyo msimu wa mavuno watu hufanya kazi mchana na usiku, na maji yake huchemshwa katika masufuria makubwa juu ya moto mkali. Mwaka 1822 Waingereza walifunga mkataba na Sayyid Said bin Sultan, ulioitwa kwa jina la nahodha Moresby, wa kukataza watumwa kuuzwa kwa mataifa ya Kikristo. Walengwa walikuwa wanunuzi wa visiwa hivyohivyo vya miwa. Magendo yaliendelea hata baada yake.

Ndivyo sukari nyeupe ilivyoanza kuwa rahisi duniani, hapa kwenye Bahari ya Hindi na kule Karibiani na Brazil. Bei ilishuka kwa sababu mwenye kuilima hakulipwa.

Karafuu ilikuja kwa njia hiyohiyo

Karafuu tunayojivunia, inayowekwa kwenye nembo na kwenye nyimbo zetu, si mti wa asili wa Unguja wala Pemba. Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Waholanzi waliulinda mti huo kwa wivu mkubwa ili wabaki peke yao na biashara yake, mpaka mwaka 1770 watu waliotumwa na Mfaransa Pierre Poivre walipofanikiwa kuitorosha miche na kuifikisha Île de France. Kutoka Morisi na Bourbon, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, karafuu ikaingia Unguja. Anayetajwa sana kuwa aliileta ni Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil al-Abri.

Zingatieni, dada zangu. Wafaransa walichukua watu kwetu, na kutoka visiwa vyao hivyohivyo tukaletewa miche.

Sayyid Said alipouhamishia utawala wake Unguja, aliishikilia karafuu kwa nguvu. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila penye mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu. Mashamba yakafyekwa, na aliyefyeka, kupanda na kuchuma ni mtumwa aliyeletwa kutoka bara. Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa sawasawa. Ua lake huchumwa likiwa bado tumba, kwa mkono, mtu akiwa juu ya mti, na likishafunguka thamani yake imepotea. Kisha usiku huketi watu kwenye jamvi kuchambua, karafuu kando na makonyo kando, na asubuhi huanikwa juani siku kadhaa mpaka ziwe nyeusi na kavu. Uchambuaji tangu zamani ni kazi ya wanawake na watoto. Ukinusa karafuu tatu kabla ya kuzitia kwenye sufuria, harufu ile imepita kwenye vidole vya mwanamke fulani.

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu hadi leo.

Kijana wa vanila

Wengi wetu tunatia tone la vanila kwenye shira. Vanila ni mmea wa Mexico. Huko kuna nyuki wanaochavusha ua lake. Ilipopelekwa kwingine, ilitoa maua bila kuzaa. Mwaka 1841, huko Bourbon, kijana mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond aligundua kwamba kwa kijiti chembamba na kidole gumba ua linaweza kuchavushwa kwa mkono. Njia yake ndiyo inayotumika mpaka leo Madagaska, Comoro, Uganda na hapa kwetu kwenye mashamba ya viungo. Watumwa wa Bourbon walipoachwa huru mwaka 1848, akapewa jina la Albius. Wenye mashamba walitajirika. Yeye alifariki mwaka 1880 akiwa fukara.

Nimemtaja kwa jina kwa sababu jina lake limesalia. Wengine karibu wote majina yao yamepotea.

Nani aliyekoroga?

Nyumba kubwa za Mji Mkongwe na za mashambani zilikuwa na majiko makubwa, na mwenye nyumba hakushika mwiko. Mkorogaji alikuwa mjakazi. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni na baadaye kujulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 huko Ujerumani, na humo unaona jinsi kasri moja lilivyokuwa na mamia ya watu wa kuhudumia wengine. Mama yake mwenyewe, Jilfidan, alikuwa suria aliyetekwa angali mtoto kutoka nchi ya Wacherkesi. Kwa hiyo hata binti wa Sultani alinyonya kwa mwanamke aliyenyang'anywa kwao.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash. Mwaka 1897, wakati wa Sayyid Hamoud bin Mohammed, ikatolewa amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria, na aliyetaka uhuru wake alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba. Masuria hawakuhesabiwa katika amri ile. Walingoja miaka 12 zaidi, mpaka 1909. Katika watu wote waliofungwa na utumwa visiwani, wanawake wa ndani ndio waliofunguliwa mwisho.

Najua kuna wasomaji watakaoona jambo hili zito kwa makala ya mapishi. Lakini dini yetu imefanya kumwacha mtu huru kuwa ibada na kafara ya makosa makubwa, na wakubwa wengi wa pwani hii waliisoma aya hiyo wakaipita. Tusiwalaumu kwa sauti kubwa halafu tukala matunda yake bila kufikiri. Na tusiwafute wale wanawake. Wao ndio waliochanganya tui la Mswahili, hiliki ya Mhindi na mawaridi ya Muarabu katika sufuria moja. Ladha tunayoiita ya kwetu waliitunga wao, wakiwa wamesimama, kwa ajili ya sinia ambalo hawakukaa kulila. Hakuna aliyeandika vipimo vyao. Walipokuwa huru, wakaoga, wakavaa kanga mpya, wakaenda kutembeleana sikukuu kama watu wengine, na wakawafundisha binti zao kwa mdomo. Wengi wetu, tukifuatilia nasaba kwa ukweli, hatukosi bibi mmoja miongoni mwao.

Miaka ya foleni

Mama zetu wana historia yao nyingine ya shira, ya karibu zaidi. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 sukari ilikuwa adimu. Ilipatikana kwa foleni na kwa mgao, na Idi ilipokaribia kila nyumba ilihesabu vikombe. Hapo ndipo wanawake walipojua kuipika shira nyepesi ikapendeza kwa viungo, yaani hiliki na mdalasini vikafanya kazi iliyopaswa kufanywa na sukari. Mwaka 1984 biashara ilipofunguliwa visiwani, wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, maduka yakajaa tena. Utamu ukazidi, na mazoea ya kupima yakapungua. Leo, ambapo ugonjwa wa kisukari umo karibu kila ukoo, hekima ya mama zetu wa foleni inafaa kurudishwa: viungo viwe vingi, sukari iwe ya kiasi.

Tuipike sasa

Kwa shira nzito ya kaimati, chukua sukari vikombe 2 na maji kikombe 1. Kwa shira nyepesi ya vinywaji, sukari kikombe 1 na maji kikombe 1. Viungo ni vilevile: hiliki punje 6 zilizopondwa kidogo na maganda yake, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu 3 tu, na nyuzi chache za zafarani zilizorowekwa kwenye kijiko cha maji ya moto. Karafuu usizidishe, kwani ina ukali unaofunika wenzake.

Tia sukari, maji, hiliki, mdalasini na karafuu kwenye sufuria yenye kitako kizito. Koroga moto ukiwa mdogo mpaka sukari iyeyuke yote, kisha weka mwiko kando. Ikishaanza kuchemka usikoroge tena, na chembe za sukari zilizoshika ukingoni zipanguse kwa brashi au kitambaa safi kilichorowa. Chembe moja ikirudi ndani huwaita wenzake, na shira nzima huwa chengachenga.

Sasa tia ndimu, kijiko kimoja cha chai cha maji yake. Hii si kwa ladha peke yake. Ukali wa ndimu huivunja sukari kidogo ndani ya moto, ikawa ya aina mbili zilizochanganyika, na zikichanganyika hazigandi kwa wepesi. Shira yako itabaki laini na ya kung'aa. Lakini kwa visheti fanya kinyume chake: usitie ndimu, na ukishavimwaga visheti ndani ya shira nzito endelea kuvigeuza, maana hapo unataka sukari igande nyeupe juu yake.

Shira ya vinywaji ichemke dakika 3 hadi 5 tu. Ya kaimati iache kiasi cha dakika 8 hadi 10, kisha chota tone, lipoze, ulibane kati ya kidole gumba na cha shahada, uvitenganishe. Ukiona uzi mmoja unaovutika kabla ya kukatika, imeiva. Epua. Tia zafarani na kijiko kimoja cha marashi mawaridi ya kula mwishoni, kwa sababu harufu ya mawaridi hukimbia na mvuke. Ukipenda vanila, pasua nusu ya ganda lake ulitie tangu mwanzo. Ukitumia arki ya chupa, soma maandishi yake, kwani nyingine hutengenezwa kwa spiriti. Ukiwa na shaka muulize mwanachuoni unayemwamini.

Chuja, mimina kwenye chupa ya kioo iliyopigwa maji ya moto na kukauka, iweke kwenye friji. Ile nyepesi itumie ndani ya wiki mbili. Nzito hukaa zaidi. Kaimati zitie zikiwa zimetoka mafutani, shira ikiwa ya uvuguvugu, uzigeuze na kuzitoa upesi ili zibaki na ganda. Kwa kinywaji, vijiko 2 vya chakula vinatosha bilauri moja ya maziwa baridi, na juu yake nyunyiza lozi zilizokatwa. Kwenye maji ya ndimu na barafu tia kiasi hichohicho. Tone dogo juu ya mkate wa kumimina uliolala humfanya mtu adhani umetoka jikoni sasa hivi.

Jambo la mwisho, na ndilo kubwa

Bi harusi wangu, historia hii yote inakuja kusimama mahali pamoja, nako ni jikoni kwako. Huenda kwenye nyumba yako mpya kuna dada wa kazi. Ametoka shamba, au Tanga, au Iringa, na ni binti wa watu kama wewe. Yeye ndiye atakayeamka kabla ya alfajiri siku ya Idi, atakayesimama mbele ya moto wa shira, na atakayeosha masinia mchana wewe ukiwa umevaa baibui jipya la kutembelea. Hayo tuliyoyasoma ya miaka 200 iliyopita yana mlango wazi wa kurudia, na mlango huo ni mazoea. Mtu akizoea kula kilichokorogwa na mwingine, huacha kumuona mkorogaji.

Basi tufanye mambo manne, na hakuna lolote gumu ndani yake. Jifunze kuikoroga shira mwenyewe, mkae wawili jikoni. Mshahara wake mpe kabla ya sikukuu, kamili. Mtume wetu ametuusia mfanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na sikukuu isiwe kisingizio cha kumwambia asubiri. Mpe mkono wa Idi na kanga yake kama unavyowapa ndugu zako, na siku yake ya kwenda kuwaona wazee wake, hata kama ni Idi pili. Na chakula kikiandaliwa, akae ale kikiwa cha moto, pamoja nanyi.

Chupa ya kwanza ya shira usiiweke kabatini. Mpelekee jirani aliyekaribu na mlango wako, hasa yule ambaye mwaka huu sukari imemshinda bei. Zaka ya fitri imeletwa ili asiwepo wa kuomba siku ile, na chupa ndogo ya shira ni nyongeza juu ya wajibu huo. Allah ametuhalalishia vizuri tule na tunywe, na ametukataza israfu, kwa hiyo pika ya kutosha, si ya kumwaga.

Ukiweka hiliki kinywani asubuhi ile, mkumbuke aliyeichuma. Na wale bibi zetu wasio na majina, waliokoroga na hawakuonja, tuwaombee Mola awape huko walipo utamu usiokwisha. Amin.

Taqabbala Allahu minna wa minkum. Idi Mubarak, mashoga zangu, na bi harusi wetu wote nyumba zenu ziwe na baraka.